Niambie ya Jana

"Kiugu, wewe umewahi kumwona huyu mtoto akioga?"

Karambu aliniuliza hivyo katikati ya ofisi ya walimu, saa ya chai, wenzangu wote wakisikia. Alikuwa ameshika fomu niliyoijaza mimi mwenyewe siku mbili kabla, na kalamu yake ilikuwa imesimama kwenye swali la ishirini na mbili.

"Nimwone akioga? Mimi? Karambu, uko sawa kweli?"

"Basi mbona umeandika tatu? Swali linasema, mtoto ana shida ya kuoga na kujitunza bila kukumbushwa. Tatu maana yake ni shida kubwa sana. Umejulia wapi?"

Mwalimu Lomuria, ambaye hucheka hata bendera ikipandishwa, alipaliwa na chai mpaka akapigwa mgongoni. Mimi niliona haya, na mimi nikiona haya hukasirika, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwambia Karambu kwamba nina watoto hamsini na watatu darasani, na kama ofisi yake inataka majibu ya bafuni, basi ije ichungulie yenyewe. Hakujali hata kidogo. Alichukua mandazi yangu kwenye sahani, akauma, akasema, "Endelea kufoka, nikimaliza kula tutaongea."

Sasa, huyo ndiye Karambu. Ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, mzaliwa wa Kibirichia, huko juu kwenye baridi. Alishuka Isiolo akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili kuja kufundisha chekechea, na alisema atakaa mwaka mmoja tu, jua hili halimfai. Akaolewa na fundi wa pampu za maji, akazaa, akajenga mtaa wa Wabera. Miaka kumi na minane alikalia vile viti vidogo vya watoto mpaka magoti yakagoma. Ndipo akaenda kusomea kazi ya kupima watoto wanaopata shida ya kujifunza, na tangu arudi, mwaka wa kumi na moja huu, sijamwona akikaa mahali pamoja kwa saa nzima.

Asubuhi utampata barabarani na mkoba wake wa buluu. Ndani mna fomu, ndizi mbili, na viatu vya raba vya kuvukia matope ya Burat, pembeni mwa mji. Watu wa boda anawajua kwa majina, na mama zao pia. Kiborana chake ni cha sokoni, kibovu kupindukia, naye anakiongea bila aibu. Akina mama wanamcheka, wanamrekebisha, na wakimaliza kumrekebisha wanakuta wamekwisha kumweleza mambo yote ya nyumbani kwao. Zamani nilidhani Karambu hana kichwa cha lugha. Siku hizi sina hakika.

Kazi yake wengi hawaielewi, hata mimi sikuielewa. Tulidhani anakuja kutuambia mtoto ana ugonjwa gani. Siku moja nilimuuliza, akanijibu kwamba hiyo ni kazi ya daktari. "Daktari anakwambia mvua imenyesha," alisema. "Mimi naenda kuangalia ni chumba gani kinavuja, na kinavuja kiasi gani, na wanalala wapi."

Mtoto aliyetufikisha kwenye ugomvi wa kuoga anaitwa Talaso, binti Abduba, miaka kumi, gredi ya nne, darasa langu. Wazazi wake wako na mifugo pande za Garbatulla, kwa hiyo anakaa Burat na bibi yake, mama wa baba yake, Bisharo, ambaye mtaa mzima unamwita Akko. Akko ni bibi kwa Kiborana. Hospitalini walikwisha kusema Talaso ana hali inayoitwa ADHD, yaani ubongo wake unapata taabu kutulia na kushikilia jambo moja mpaka mwisho. Hilo halikuwa na ubishi. Mtu yeyote aliyekaa naye dakika kumi angekubali.

Aki, huyo mtoto! Ukimwambia kaa, anakaa nusu. Jumatatu nilimpa penseli nne, kufikia Jumatano hana hata moja, na ukimuuliza zilienda wapi anakuangalia kwa mshangao wa kweli, ni kama wewe ndiye ulizichukua. Anajibu swali ambalo bado sijaliuliza. Anasimama kwenda kuangalia ni nani anapita nje. Na wiki tatu kabla ya siku ile ya mandazi, mbuzi mmoja aliingia uwanjani, akang'oa karatasi kwenye daftari la Talaso, akatoka nayo mbio. Talaso akamfuata. Mbuzi akavuka lami, Talaso naye akavuka, hakutazama kulia wala kushoto. Mtu wa boda aliyekuwa anapita alimkwepa akaingia mtaroni. Hakuumia, namshukuru Mungu, lakini matusi yake yalisikika mpaka sokoni.

Madam Makena, mwalimu mkuu wetu, alitetemeka siku mbili. Ni mama mzuri, mpole, na anaogopa kuzika mtoto wa mtu. Akatafuta, akapata nafasi kwenye shule moja ya bweni ya watoto wenye mahitaji maalum, mbali huko nyanda za juu. Nafasi ilikuwa moja, na jibu lilitakiwa Ijumaa. Karambu angeleta fomu mbili, ya mwalimu na ya nyumbani, kila moja ina maswali arobaini juu ya maisha ya mtoto ya kila siku: nyumbani, darasani, kwa marafiki, barabarani, kujitunza. Kila swali unajibu kutoka sifuri mpaka tatu. Nambari zikiwa juu, Jumatatu Talaso angepanda gari, na Akko angebaki peke yake kwenye nyumba ile ya Burat.

Nitasema ukweli, maana nikiuficha hadithi haitasimama. Nilitaka aende. Nilikuwa nimechoka. Fomu yangu niliijaza kwa dakika nne, saa ya michezo, huku nikipuliza filimbi. Tatu, tatu, tatu, kutoka juu mpaka chini, hata maswali ya kulala na ya kuoga.

Karambu alipomaliza mandazi yangu alipangusa vidole, akatoa fomu ya pili, ile ya nyumbani. Karani wa ofisi yao ndiye aliyekuwa amemsomea Akko maswali na kuandika majibu. Akaziweka mezani, moja kando ya nyingine.

"Tazama. Yako, tatu arobaini. Ya bibi, tatu arobaini. Kiugu, nimepima watoto miaka kumi na moja. Mwalimu na nyumbani hawajawahi kukubaliana, hata juu ya idadi ya meno ya mtoto. Nyinyi mmekubaliana mara arobaini."

"Si hiyo ndiyo inaonyesha ni kweli?"

"Hiyo inaonyesha hakuna aliyesoma maswali. Ukitoka darasani saa tisa, twende Burat."

"Mimi? Niende Burat kufanya nini?"

"Kunibebea mkoba," alisema.

Nilienda. Msiniulize kwa nini, Karambu akisema twende mtu hujikuta yuko njiani.

Tulimkuta Akko Bisharo nje ya nyumba yake, akifukiza vyombo vya maziwa. Anauza maziwa ya ngamia, na moshi ule wa kuni maalum ndio unaoyapa harufu yake nzuri. Talaso alikuwa madrasa. Karambu akatoa salamu, "Salaam aleikum, Akko," akaongeza kitu kwa Kiborana, Akko akacheka mpaka akashika ubavu, akamsahihisha mara mbili. Tukapewa viti na chai. Mimi nilijinunia kwenye kiti changu.

"Akko," Karambu akaanza, "hapa kwa fomu umesema Talaso ana shida kubwa sana ya kuendesha baiskeli."

"Shida kabisa," Akko akasema kwa huzuni.

"Baiskeli iko wapi?"

"Hakuna."

"Sasa shida ni gani?"

"Hiyo ndio shida. Hakuna baiskeli."

Karambu aliuma mdomo asicheke. Mimi nilisahau kununa. "Na hapa," akaendelea, "umesema ana shida kubwa ya kula."

"Chakula ni kidogo."

"Na ya kulala."

"Kitanda ni mbaya."

Karambu akaweka kalamu chini, akamtazama. "Akko, unafikiri mimi nimetoka wapi?"

Bibi akatutazama mmoja mmoja, akaona bora aseme. "Si nyinyi ni wa msaada? Wale wa karatasi? Mimi mtu akikuja na karatasi, nasema shida. Iko mwaka moja nilisema niko sawa, basi wakakunja karatasi yao, wakaenda kwa jirani. Jirani akaletewa mahindi gunia mbili. Mimi nilikaa hapa na usawa yangu."

Jamani! Nilicheka mpaka chai ikaingia puani. Na sikuweza kumlaumu. Hapa kwetu watu wenye fomu wanapita kila ukame, na bibi wa watu amejifunza kuwajibu jinsi mwanafunzi anavyojifunza mtihani. Karani naye alikuwa akisoma maswali na kuandika tu.

Lakini Karambu hakuwa anacheka tena. Alivuta kiti karibu, akamweleza polepole, kwa Kiswahili na kile Kiborana chake, kwamba fomu hii haileti mahindi. Kwamba nambari hizi zikibaki hivi, Talaso atapelekwa shule ya bweni, mbali, na atarudi likizo kwa likizo.

Chombo alichokuwa Akko akifukiza kikaendelea kutoa moshi mikononi mwake. Kisha akasema, "Futa."

"Nifute nini?"

"Yote. Andika hana shida. Andika sifuri. Huyo ni malaika, anatii, analala, anaoga mara mbili. Andika!"

"Akko, nikiandika sifuri nitakuwa nimemdanganya yeye. Atakosa msaada anaouhitaji shuleni, na ile siku ya mbuzi itarudi. Nikiandika tatu, anaenda." Karambu akakunja fomu, akaikalia kabisa. "Wacha karatasi. Niambie ya jana. Jana tu. Kulipopambazuka, Talaso alifanya nini?"

Na hapo, nawaambia, niliona kazi ya mtu anayeijua kazi yake. Hakuuliza ni mara nyingi au mara chache, wala kwa kawaida inakuwaje. Alikuwa anauliza ya jana tu. Halafu? Halafu ikawaje? Halafu nani alisema nini?

Jana, Akko akasema, alimwamsha Talaso mara tatu. Akavaa kiatu kimoja, cha pili kikatafutwa na nyumba nzima, kikapatikana juu ya paa la banda la kuku, na mpaka sasa hakuna ajuaye kilipandaje. Akatumwa maji kwenye kioski. Akarudi bila mtungi, lakini amebeba mwana-mbuzi wa jirani, amemkuta analia. Akarudishwa. Akaja na mtungi bila kifuniko. Halafu akapeleka maziwa kwa wateja watatu wa Wabera, na hapo hakuna tone lililomwagika, hakuna nyumba iliyorukwa, kwa sababu Akko amemfundisha kuimba majina ya wateja kwa mpangilio, na anaimba njia nzima mpaka watu wa dukani nao wameyajua.

"Nani alimshika mkono kwenye lami?" Karambu akauliza.

"Mimi. Kila siku. Hapo hapana, hapo mimi namuogopea."

"Madrasa je?"

Madrasa, kumbe, hakuna malalamiko makubwa. Ustadh Dualeh amemruhusu kusoma akiwa amesimama, na akichoka kusimama anatembea nyuma ya wenzake, akirudia aya zake. Sikujua hilo. Mimi darasani kwangu mtoto akitembea ni vita.

"Na kucheza? Jana alicheza na nani?"

"Wasichana wa hapa walikuwa wanaruka kamba. Yeye haingoji zamu yake. Wakamfukuza. Akakuja hapa akalala kwa mguu yangu, akalia." Akko akaweka chombo chake chini. "Hiyo karani hakuuliza. Aliuliza, ana marafiki? Mimi nikasema hana, nikifikiri huruma itaongeza gunia. Lakini ni kweli, hana."

Karambu aliandika kwa muda mrefu. Mimi nilitazama ardhi. Kwenye fomu yangu, swali la marafiki nililiandikia tatu pia, lakini sikuwahi hata siku moja kwenda uwanjani kuona anacheza na nani. Nilipatia kwa bahati, na kupatia kwa namna hiyo kulinichoma kuliko kukosea.

Njiani kurudi Karambu hakunisema. Alikula ndizi moja, ya pili akanipa. Tulipofika njia panda akaniambia, "Kesho kengele ya mwisho ikilia, kaa chini uandike siku yako yote na Talaso. Kutoka saa mbili mpaka saa tisa. Ijumaa uje nayo kikaoni, utatusomea ya jana yako."

Alhamisi jioni nikaandika. Na sikuandika kwa kukunja uso, niliandika kwa dhamiri safi. Nilitaka kutubu. Nikajaza fomu mpya, swali kwa swali, na yale nisiyoyajua nikaandika sijui. Nilijiona mtu mwema sana siku hiyo. Mke wangu aliniuliza kwa nini napiga mluzi.

Ijumaa tukakutana ofisini kwa Madam Makena: yeye, Akko Bisharo na shela yake nzuri ya kijani, Karambu, na mimi. Talaso aliachwa barazani. Barua ya shule ya bweni ilikuwa mezani, imebaki sahihi tu.

Nikaanza kwa kukiri. Nikasema fomu ya kwanza niliijaza kwa hasira, na naomba radhi. Madam akaitikia kwa kichwa, Akko akanitazama kwa jicho lililolainika kidogo, nikajisikia mrefu. Kisha nikasoma ya jana. Penseli mbili zimepotea. Amesimama bila ruhusa mara kumi na moja. Amejibu swali la hesabu kabla sijalimaliza, na jibu lilikuwa sahihi. Nimemtoa nje atulie mara nne, dakika tano kila mara.

"Dakika ishirini kwa siku nzima," Karambu akasema, akiandika.

"Dakika ishirini," nikasema.

Karambu naye akasoma yake. Nyumbani, shida ipo lakini inashikika, akikumbushwa anafanya. Madrasa, kidogo sana. Marafiki, kubwa. Barabarani, kubwa sana, hawezi kuvuka peke yake. Madam Makena alisikiliza yote, halafu akafungua droo, akatoa daftari la Talaso la muhula huu, akaanza kulifungua ukurasa kwa ukurasa. Tupu. Tarehe, kichwa cha somo, mstari mmoja, tupu. Ukurasa mwingine, mchoro wa mbuzi, tupu.

"Mimi simchukii huyu mtoto," Madam akasema. "Lakini nielewesheni. Barabara tutamvusha, kamba tutamfundisha kungoja. Hili je? Kama anatolewa dakika ishirini tu, ina maana saa zote zile nyingine amekaa darasani, mbele ya mwalimu, na bado hakuandika kitu. Muhula mzima. Basi darasa letu halimfikii. Namweka hapa kwa faida ya nani?"

Hata mimi niliona ana haki. Akko, ambaye Kiswahili cha haraka kinampita, alielewa nyuso zetu, akaanza kukunja na kukunjua pindo la shela yake. Madam akachukua kalamu.

"Kuna mtu bado hajaulizwa," Karambu akasema. Akaenda mlangoni. "Talaso! Njoo, mama."

Talaso akaingia, akazunguka ofisi mara moja kwa macho na nusu kwa miguu, akasimama karibu na meza, akaanza kufungua na kufunga stepla ya Madam. Karambu hakumwambia aache.

"Niambie ya jana. Ya shule."

"Jana nilikuwa nje."

"Mara ngapi?"

"Nne."

Nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi na mtoto tumekubaliana, hesabu imelingana.

"Ya kwanza ulikaa nje mpaka lini?"

"Mpaka kengele ya chai."

"Na ya pili?"

"Mpaka somo la Madam wa Kiingereza likaisha. Hapana, hilo ni juzi. Jana ilikuwa mpaka Sayansi imeisha, nikaona wanabadilisha vitabu." Stepla ikalia. "Ya tatu mpaka chakula. Ya nne nilikuwa na kinyonga, sikumbuki. Lakini wenzangu walitoka na mikoba yao."

Madam Makena akaweka kalamu chini. "Talaso, mwalimu anasema anakutoa dakika tano."

Talaso akanitazama. Hakukuwa na ubaya wowote machoni pake, wala kushtaki. Alikuwa anaeleza jambo ambalo kila mtu analijua. "Ndio, anasemanga dakika tano. Halafu anasahau."

Huko nje mtu alikuwa anaburuta dawati. Nilisikia kila inchi ya lile dawati.

"Ni kweli, Mwalimu Kiugu?" Madam akauliza.

Nilitafuta hasira yangu, ile inayonijia bila kuitwa, siku hiyo haikuja. Nilijiona nimesimama kwenye ubao, chaki mkononi, mgongo kwa mlango, nimeshukuru kimya kilivyoingia darasani, na nimeendelea na kazi. Nilimwona mtoto huko nje, anangoja dakika tano ziishe, hana saa. Muhula mzima.

"Ni kweli," nikasema. "Namtoa, narudi kwenye ubao, na namsahau huko." Nilitaka kuongeza habari ya watoto hamsini na watatu. Nikaona aibu, sikuongeza.

Karambu alihesabu kwa vidole, taratibu. "Masomo saba. Alikosa manne na kitu. Madam, hilo daftari uliloshika ni la mtoto ambaye hakuwepo. Siwezi kukuambia hali yake inamkwamisha kiasi gani darasani, kwa sababu darasani hakuwa. Nipe muhula mmoja, akiwa ndani. Akitaka kusimama, asimame nyuma. Kisha nitampima upya, na nikiona darasa kweli halimfai, hiyo barua nitakuletea kalamu mimi mwenyewe."

Madam alifikiri. Alimtazama Akko, akalitazama daftari, akanitazama mimi kwa muda ambao sitaki kuusimulia. Kisha akaichukua barua, akaikunja mara mbili, akaiingiza droo ya chini kabisa. "Muhula mmoja," akasema. "Na lami anavushwa, asubuhi na jioni. Mwalimu Kiugu ndiye atamvusha."

"Sawa, Madam."

Karambu akamtafsiria Akko. Bibi alifunika uso kwa shela, mabega yakatikisika, alhamdulillahi ikatoka mara tatu. Akainuka, akanipita mimi, akamkumbatia Karambu na mkoba wake wote. Nilistahili kupitwa.

Talaso alikuwa ameichoka stepla na amekwisha kufika mlangoni. Nikamwita. Akageuka, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Talaso, siku nikikutoa tena nikasahau, gonga dirisha."

Akalifikiria hilo kwa makini, muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akifikiria kitu chochote.

"Nikigonga, si utakasirika?"

"Nitakasirika," nikasema, maana kumdanganya mtoto yule ni kazi bure. "Lakini gonga."